Shampuu ya Saluni na Chanjo ya Kuku

Najua mlikuwa mnasubiri sehemu ya pili ya somo la kuhifadhi mahindi kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Itakuja. Leo naomba tuzungumze habari ya nywele, na najua wapo watakaosema bibi shamba ameishiwa maneno. Sijaishiwa. Nina hesabu nataka tuipige pamoja.

Wiki tatu zilizopita tulikuwa kwenye chanjo ya kideri. Utaratibu wetu mnaujua: tone moja kwenye jicho la kuku, kila baada ya miezi mitatu, na mfugaji anachangia Sh 100 kwa kila kuku. Nikafika kwa mama mmoja mwenye kuku 14. Akaniambia, "Bibi shamba, safari hii nipite tu, sina hata mia." Sikumlazimisha. Tukakaa kivulini, akanipa maji, tukaongea ya mvua na ya watoto. Dirishani nikaona chupa mbili nyeusi zenye maandishi ya dhahabu, shampuu na kondishena, za aina ile inayouzwa saluni za mjini. Nikamtania, hizi nazo za nani? Akacheka kwa aibu. Msusi wa mjini alimwambia nywele zake zinakatika kwa sababu anaosha na shampuu za dukani. Akauza majogoo mawili, akalipa Sh 38,000 kwa chupa mbili.

Siku kumi baadaye alinipigia simu. Kuku tisa walikuwa wamekufa, na waliobaki wamesimama wamekunja shingo.

Nimemwomba ruhusa ya kuandika habari hii, akasema andika ila usinitaje. Na kabla sijasema neno lolote juu yake, niseme langu. Siku ile nilikuwa na dawa mkononi. Ningeweza kuchanja nikamwandika kwenye daftari, akalipa baada ya mnada. Sikufanya. Hilo nalibeba mwenyewe.

Sasa tusielewane vibaya. Sisemi mwanamke wa kijijini asipendeze. Anayelima ekari tatu kwa jembe la mkono ana haki ya kunukia vizuri Jumapili au siku ya Idi kuliko hata sisi tunaokaa ofisini. Na kina baba mnaocheka mkisoma hapa, hesabu ya kilabuni tutaipiga siku nyingine, na haitawafurahisha. Ninachosema ni kwamba nywele safi, laini na zenye afya hazihitaji Sh 38,000, na mtu anayekuambia zinahitaji ana bidhaa ya kukuuzia.

Mimi mwenyewe nimepita njia hiyo. Mwaka wa kwanza wa ajira, stashahada yangu ikiwa bado inanukia wino, nilikuwa nasuka rasta kila mwezi, zile ndogo ndogo za kubana mpaka macho yanavutwa. Nywele za pembeni mwa paji la uso zikaanza kuisha. Nikaenda saluni moja mjini. Dada wa pale akazitazama, akasikitika, akasema, "Unaziua nywele zako kwa shampuu za bei rahisi." Wakaniuzia seti nzima, pamoja na kopo la kitu walichokiita chakula cha nywele. Katika mshahara ule nilikuwa nimemwahidi mama yangu hela ya mbegu ya mahindi. Nikamtumia nusu. Mama hakulalamika, akaongezea kwa mahindi aliyochambua ghalani, yaliyotokana na mbegu chotara ya mwaka uliotangulia. Mimi ndiye niliyesomea kilimo, ndiye ninayezunguka nikiwaambia watu wasirudie mbegu chotara, na mama yangu mzazi akarudia kwa sababu ya shampuu.

Nywele zenyewe hazikurudi. Baada ya miezi kadhaa, muuguzi tuliyekuwa tumepanga nyumba moja akaniambia jambo ambalo halikunigharimu hata senti: acha kubana. Akanieleza kuwa unywele ukivutwa mchana na usiku, shina lake huchoka, na ukizidi kuchelewa, kitundu chake huziba na hauoti tena. Nikafumua rasta, nikakaa na nywele fupi, nikawa naosha kwa shampuu ya kawaida ya dukani. Zikarudi taratibu. Upande wa kushoto mpaka leo haujawa kama zamani.

Basi tuangalie ndani ya chupa kuna nini.

Chukua chupa yoyote ya shampuu, igeuze nyuma, usome orodha ya viambato. Imeandikwa kwa Kiingereza na kwa herufi za kuumiza macho, lakini mpangilio wake kwa kawaida ni mmoja: kilicho kingi kinatangulia, kilicho kidogo kinafuata nyuma. Cha kwanza ni maji. Shampuu, iwe ya Sh 3,000 au ya Sh 30,000, sehemu kubwa yake ni maji. Kinachofuata mara nyingi ni kisafishaji chenyewe, lile jina refu linaloanza na sodiamu na kuishia na salfeti. Hicho ndicho kinachong'oa jasho, vumbi na mafuta. Nyuma yake huja kisafishaji cha pili kilicho laini zaidi, kinachotengenezwa kutokana na mafuta ya nazi, kazi yake kuongeza povu na kupunguza ukali wa kile cha kwanza. Halafu mara nyingi utakuta chumvi. Ndiyo, chumvi, sodiamu kloridi, ndugu wa ile ya kwenye mboga. Imewekwa ili shampuu iwe nzito. Kwa hiyo ukiinamisha chupa ukaona inashuka polepole kama asali, usidhani ni nguvu, huenda ni chumvi tu. Povu nalo ni hivyo hivyo, uwingi wake si kipimo cha usafi. Baada ya hapo kuna manukato, rangi, na dawa ya kuzuia isioze.

Vile vitu vilivyoandikwa kwa dhahabu mbele ya chupa, mafuta ya nchi za mbali, keratini, vitamini za herufi zote, mara nyingi utavikuta mkiani kabisa mwa orodha, karibu na rangi. Na hata vingekuwa vingi, shampuu inakaa kichwani dakika mbili tatu halafu inakwenda na maji.

Tena kuna jambo la msingi ambalo mkulima ataelewa upesi kuliko mtu wa mjini. Unywele uliokwisha kutoka nje ya ngozi hauna uhai. Ni kama bua la mahindi lililokauka. Ulimwagie urea, ulimwagie samadi, halirudi kijani. Kilicho hai ni shina lililo ndani ya ngozi, na hilo linalishwa na damu. Chakula cha nywele kinapitia mdomoni: maharage, mayai, dagaa, mchicha, matembele. Mama aliyejifungua akaona nywele zinatoka kwa mafungu mwezi wa tatu au wa nne asikimbilie kununua kopo. Ni mabadiliko ya mwili baada ya uzazi, na kwa wengi zinarudi zenyewe. Anayechoka ovyo, macho na viganja vimepauka, nywele zinapungua, aende zahanati apimwe wingi wa damu.

Kwenye mbolea tumekwisha kuelewana. Mfuko wa urea wa kampuni hii au ile, naitrojeni ni asilimia 46, na mtu akikuuzia kwa bei ya juu kwa sababu mfuko una picha nzuri ya mhindi, utamcheka. Nakiri shampuu hazifanani kwa kiwango hicho. Ipo inayonukia vizuri zaidi, ipo inayoacha nywele laini kidogo kuliko nyingine, na mtu mwenye pesa zake akipenda harufu fulani anunue kwa amani. Lakini kazi ya kuosha inafanywa na vitu vya jamii moja, na vitu hivyo si ghali.

Hata watengenezaji ni wale wale. L'Oréal ya Ufaransa inatengeneza Kérastase inayouzwa kwenye saluni kubwa za dunia, na kampuni hiyo hiyo ina Garnier na Dark and Lovely zinazopatikana madukani. Mwaka 2013 ikanunua na Nice & Lovely, iliyokuwa ya kampuni ya Kenya. Sisemi wanamimina dumu moja kwenye chupa zote. Nasema ujuzi wa kutengeneza shampuu nzuri hauishii kwenye ile ya bei kubwa.

Kondishena ndiyo inayonivutia zaidi, kwa sababu inafanya kazi kama udongo. Wale waliohudhuria darasa la rutuba kule kwenye shamba la mfano wanakumbuka tulivyosema udongo wa mfinyanzi una chaji hasi, kwa hiyo unakamata amoniamu na potasiamu zenye chaji chanya, visioshwe na mvua. Unywele uliolowa nao una chaji hasi, na sehemu zilizochakaa ndizo zenye chaji hiyo zaidi. Kondishena ina viambato vyenye chaji chanya. Ukiipaka inakwenda yenyewe kushika pale palipochakaa, na ukisuuza inabaki utando mwembamba unaofanya nywele ziteleze. Ndiyo kazi yake yote. Haitibu, haioteshi, inalainisha ili usizikate kwa chanuo. Ukisoma orodha utakuta neno alkoholi, na dada mmoja wa Kiislamu aliwahi kuniuliza kwa wasiwasi kama ni kileo. Hiyo alkoholi ya kwenye kondishena, ya setili na ndugu zake, ni kitu kama nta, kigumu na cheupe, wala hailevi na haikaushi nywele.

Kwa nywele zetu za kipilipili, mafuta ya ngozi hayasafiri vizuri kutoka kwenye shina hadi ncha kwa sababu njia yenyewe imejikunja. Ndiyo maana ncha hukauka na kukatika. Kwa hiyo kama fedha inatosha chupa moja ya maana, mimi naiweka kwenye kondishena, shampuu nanunua ya chini. Paka, kaa nayo dakika tano, chana ikiwa bado kichwani kwa chanuo la meno mapana, ukianzia nchani kwenda kwenye shina, halafu suuza. Wengi wanaolalamika nywele zinakatika wanazichana zikiwa kavu, kwa haraka, asubuhi, mtoto akiwa analia.

Sasa ile hesabu. Nilipita madukani hapa kwetu nikiwa na daftari. Seti ya yule mama ilikuwa hivi: shampuu mililita 250 kwa Sh 18,000, kondishena mililita 250 kwa Sh 20,000. Shampuu ni Sh 72 kwa mililita, kondishena ni Sh 80. Duka la pale stendi lina shampuu ya mililita 500 kwa Sh 4,500 na kondishena ya mililita 500 kwa Sh 5,000, zote zina lebo kamili na mtengenezaji anajulikana. Hiyo ni Sh 9 kwa mililita na Sh 10 kwa mililita. Mara nane.

Kichwa cha mtu mzima mwenye nywele za wastani kinatosheka na kijiko kimoja cha chakula cha shampuu na viwili vya kondishena, yaani mililita 15 na 30. Kwa seti ya saluni, kuosha mara moja ni Sh 3,480. Kwa seti ya stendi ni Sh 435. Ukiosha kila baada ya wiki mbili, tofauti kwa mwaka ni kama Sh 79,000 kwa kichwa kimoja. Kuchanja kuku 14 mara nne kwa mwaka ni Sh 5,600. Wenye mabinti wawili nyumbani wazidishe wenyewe, mimi nimeona nisiandike.

Na msiruke pakti ndogo, maana zinajifanya rahisi. Pakti ya mililita 10 kwa Sh 200 ni Sh 20 kwa mililita, zaidi ya mara mbili ya chupa kubwa ya stendi. Pakti ni nzuri ukiwa safarini au ukitaka kujaribu kabla ya kununua chupa. Kwa matumizi ya kila siku, kina mama wawili watatu wachange wanunue chupa moja kubwa wagawane kwa kijiko. Kikundi cha kuweka na kukopa kilichoko kitongoji cha juu kinafanya hivyo kwa sabuni ya kufulia, sioni kwa nini kishindwe kwenye kondishena.

Kuna upande mwingine ambao nao lazima niuseme, maana baadhi yenu mmenipigia makofi mapema. Rahisi kupita kiasi nayo inagharimu. Kuosha kichwa kwa sabuni ya mche au ya unga si akiba. Udongo wenye pH ya 9 mnajua unavyotesa mimea. Sabuni ya mche iko huko huko, kati ya 9 na 10, wakati ngozi ya kichwa inapenda uchachu kidogo, kama 5 na nusu. Shampuu nyingi, hata za bei ndogo, zinatengenezwa zikae karibu na hapo. Halafu yako maji yetu. Sisi tunaotegemea visima virefu tunajua maji ya chumvi, yale yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika. Sabuni ya mche kwenye maji hayo haitoi povu, inaganda na kuacha utando mweupe kichwani. Nimeona watu wanahangaika na dawa za mba kumbe ni mabaki ya sabuni. Shampuu haigandi hivyo, na hiyo ni sababu tosha ya kuinunua. Ukiwa na maji ya mvua, weka jagi moja la kusuuza mwisho, utaona tofauti kuliko ya chupa yoyote.

Yapo pia mambo ambayo sikushauri ubane matumizi. La kwanza, wanaoweka dawa ya kunyoosha nywele. Dawa nyingi za namna hiyo kiungo chake ni kostiki soda, ile ile ambayo vikundi vyetu vinatengenezea sabuni kwa kuvaa glavu, au chokaa ya jamii yake. Baada ya dawa hiyo kuna shampuu maalumu ya kuizima, na nyingine hutoa povu la waridi kuonyesha kuwa dawa bado imo. Hiyo usiibadilishe kwa shampuu ya kawaida, na usikubali msusi airuke kwa sababu foleni ni ndefu. La pili, mba wa kweli, unaowasha na kurudi rudi. Hapo nunua shampuu ya dawa kwenye duka la dawa, yenye ketokonazoli kwa mfano, ufuate maelekezo. La tatu, mapunye ya watoto. Shampuu peke yake haiponyi mapunye, yanahitaji dawa ya kumeza, kwa hiyo mtoto apelekwe zahanati wala asipakwe mafuta ya taa wala oili chafu. Nimeyaona hayo yote kwa macho yangu, mwaka huu.

Kuhusu dawa za nyumbani, niseme kifupi. Mafuta ya nazi ni mazuri kweli, yanaingia ndani ya unywele na kupunguza kuchakaa yakipakwa kabla ya kuosha. Alizeti yetu, pamoja na kwamba naipenda na ndiyo inayotulipia ada za watoto, inabaki juu juu. Yanafaa kulainisha na kung'arisha, lakini hayafanyi kazi ile ya nazi. Yai libaki kwenye sufuria. Parachichi nalo tumia kwenye mkate, kulitoa kwenye nywele za kipilipili ni adhabu.

Nilipomweleza rafiki yangu msusi kuwa nitaandika makala hii, hakufurahi. Akaniambia, "Wewe hujui, nikitoa chupa ya dukani mteja ananiona sina hadhi, anahamia kwa jirani." Nimelifikiria sana neno lake, na naona kosa si la wasusi peke yao. Tunakaa kwenye kiti saa nne, tunasukwa twende kilioni ya mistari iliyonyooka kama tuta la kamba, halafu tunabishana naye Sh 2,000 ya ufundi, ila chupa ya Sh 18,000 tunalipa bila swali. Mlipeni kwa mikono yake. Mwende na shampuu yenu kama mnavyokwenda na rasta zenu, mumwongezee kidogo kwenye ufundi. Yeye atapata zaidi kuliko ile faida ndogo ya kuuza chupa, na ninyi mtabaki na salio.

Kwa wenye maduka, hili ni lenu. Nimemwona kijana mmoja mwenye kibanda aliyekopa kikundini akaleta katoni ya shampuu za saluni, chupa 12, akidhani wanunuzi watazipigania kama alivyoona mjini. Ameuza mbili. Zilizobaki zimekaa pale mbele zinapigwa jua, rangi imepauka, na riba ya kikundi haijali. Kijijini shampuu inayotembea ni ya Sh 3,000 hadi 5,000, na kondishena yake. Anza na chupa chache, iliyotangulia kuingia itangulie kutoka, weka mbali na jua. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi, namba ya toleo, jina na anwani ya mtengenezaji, na kifuniko ambacho hakijafunguliwa. Tangu mwaka 2019 usalama wa vipodozi uko mikononi mwa TBS, kabla ya hapo ilikuwa TFDA, kwa hiyo maofisa wakipita dukani kwako ndiyo maswali watakayouliza.

Shampuu ya kupima kutoka kwenye dumu lisilo na lebo usiuze. Mnadani imejaa, na baadhi ni sabuni ya maji ya kuoshea vyombo iliyotiwa rangi na manukato. Msimimine pia kwenye chupa za soda, mtoto hajui tofauti ya soda na shampuu. Na wale wanaopita kununua chupa tupu za saluni kwa Sh 300 kila moja, jiulizeni zinakwenda wapi. Zinajazwa zinarudi. Mimi yangu ikiisha naitoboa kwa kisu ndipo naitupa.

Kuna wanaopunguza ukali wa shampuu kwa kuichanganya na maji ili ienee vizuri kichwani. Ni sawa, mimi pia nafanya. Ila changanya ya siku hiyo tu, kwenye kikombe. Ukijaza chupa nzima maji, ile dawa ya kuzuia kuoza inapungua nguvu na vijidudu vinaanza maisha humo. Ni kama dawa ya kunyunyizia shambani: iliyochanganywa leo hailali.

Juzi nimerudi kwa yule mama. Kuku watano waliopona sasa wanatembea, na vifaranga alivyopewa na dada yake tumevichanja, nimeandika kwenye daftari Sh 1,100, atalipa baada ya mnada wa tarehe 15. Nywele zake nilizitazama. Zinakatika pembeni, kwenye mstari wa kilemba na pale mistari inapobanwa, kama zilivyokuwa zangu. Nimemwomba azifumue azipumzishe, na awe anavaa kilemba bila kukaza. Zile chupa za dhahabu hatukuzitupa, zimelipiwa na majogoo mawili. Nimemwachia kijiko cha chakula juu ya dirisha, kando yake.